Mbwa wa Duara la Mama Mokami

Mbwa wote watatu walikufa bila kubweka, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Rahima Maftah kuliko mawe ya dhahabu yaliyopotea.

Wizi wa mawe haukuwa kitu kigeni kwake. Tangu rashi ya dhahabu ilipozuka Getuma, upande wa Machochwe, watu walikuwa wamemiminika kutoka Geita, Shinyanga, Singida na hata ng'ambo ya Sirari, wakageuza mashamba ya mihogo kuwa maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenye duara alikuwa na malalamiko yake kituoni Mugumu. Lakini mwizi wa machimboni humpiga mbwa panga, au humrushia nyama iliyotiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa wa Mama Mokami, mwenye duara lililoibiwa, walikutwa wamelala ubavu kando ya duara, hawana jeraha, hawana povu mdomoni. Mama ntilie mmoja aliyeamka kuwasha moto alimwona wa mwisho wao akipepesuka kama mlevi, akaanguka, akatupa miguu, akatulia. Viroba vya mawe bora, yale ambayo dhahabu unaiona kwa macho, vilikuwa vimekwisha kubebwa.

Mtu mmoja tayari alikuwa mahabusu. Huyo alikuwa Mniko, msimamizi na mlinzi wa duara, ambaye usiku ule alikuwa chini shimoni akikagua nguzo. Kila mtu Getuma alijua kwamba mbwa wale hawakupokea chakula kwa mgeni. Walilishwa na Mniko. Tena mfukoni mwake ilikutwa pakiti ya bigijii zisizo na sukari, za ladha ya mnanaa, alizonunua kwenye duka la Hamim pale Mugumu. Bwana mifugo, Sospeter, alipowapasua mbwa na kukosa sumu yoyote aliyoizoea, ndiye aliyekumbuka kusoma mahali kwamba baadhi ya vitu visivyo na sukari huua mbwa. Aliyasema hayo mbele ya watu wawili. Kufikia jioni machimbo yote yalikuwa yanasema Mniko amewaua mbwa kwa bigijii.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amempigia Rahima simu asubuhi hiyo. Vijana walikuwa wameapa kuichoma nyumba ya Mniko iwapo polisi watamwachia. Mke wake na watoto walikuwa bado humo ndani.

Kwa hiyo Rahima hakwenda Getuma. Alichukua kasha la barafu alilopewa na Sospeter, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akaendesha mwenyewe kuelekea Manchira.

Chumba cha utafiti cha Boke Nashoni kilikuwa nyuma ya jengo kuukuu lililoachwa na mradi fulani wa maji. Kilikuwa na friji mbili, jenereta nje, na meza moja ndefu iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe. Boke alikuwa mzaliwa wa Nyamwaga, akisomea shahada ya uzamivu. Rahima alipomwita daktari, alimsahihisha kwa upole kwamba bado, labda mwakani.

Akamweleza kazi yake bila haraka. Kwenye mashina ya migomba yaliyokuwa yakioza nyuma ya nyumba ya mama yake alipata hamira ya mwituni ambayo ilikula vitu ambavyo hamira nyingi haziviwezi. Vitu hivyo vinaitwa alkoholi za sukari. Jina tu, hazileweshi mtu. Ni jamii ya utamu unaotiwa kwenye bigijii, dawa za meno na vyakula vya wagonjwa. Boke alikuwa anatafuta njia ya kutengeneza mmojawapo, zailitoli, kwa kutumia magunzi ya mahindi yanayotupwa Tarime nzima. Shida ilikuwa kwamba hamira ikishautengeneza utamu huo huula yenyewe, kwa kimeng'enya kimoja. Ili kumzuia mlaji ni lazima umjue. Basi alikuwa ameichukua jeni inayokitengeneza kimeng'enya kile, akainakili, akaipandikiza kwenye bakteria, na bakteria wakamzalishia kimeng'enya hicho peke yake, kingi, kisafi. Sasa alikuwa anakipima tabia: kinavumilia joto kiasi gani, kinapenda uchachu gani, kinakula nini, na kinakula kwa kasi gani.

Rahima alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kasha.

"Nina matumbo ya mbwa watatu," alisema. "Nataka kujua kama mlaji wako atakuta chochote humo."

Boke hakucheka. Alivaa glavu.

Jambo la kwanza alilouliza ni kama kulikuwa na tumbo la mbwa aliyekufa kwa sababu nyingine. Sospeter alikuwa ameshalifikiria hilo, na chupa ya nne ilitoka kwa mbwa koko aliyegongwa na bodaboda barabara ya Manchira. Boke alichuja maji ya kila tumbo, akayaweka kwenye vichupa, akaongeza kimeng'enya na dawa ya rangi. Alieleza kwamba dawa ile ni ya njano. Kimeng'enya kikianza kula, inageuka zambarau, na kadiri kinavyokula upesi ndivyo rangi inavyokolea upesi.

Kichupa cha koko kilibaki njano. Vichupa vitatu vya mbwa wa Mama Mokami vilianza kugeuka kimoja baada ya kingine, kama maji yaliyodondoshewa wino.

Rahima alivuta pumzi. "Basi ni hiyo zailitoli."

"Sijasema hivyo," alisema Boke. "Nimesema kuna kitu kinaliwa."

Akachukua kimeng'enya kingine, akakichemsha mpaka kikafa, akarudia. Safari hii hakuna kichupa kilichobadilika. Kwa hiyo rangi haikutoka kwenye uchafu wa tumbo. Ilitoka kwa mlaji. Kisha akaomba pakiti ya bigijii. Rahima alikuwa nayo ndani ya mfuko wa vielelezo. Boke aliisoma kupitia plastiki, akairudisha mezani.

Alisema bigijii zile zilitiwa sorbitoli, ndugu yake zailitoli. Tatizo ni kwamba kimeng'enya chake kinakula zote mbili, sorbitoli polepole, zailitoli upesi. Na sorbitoli haiui mbwa, itamharisha tu.

Rahima alielewa hapo hapo mahali kesi ilipokwama. Kama matumboni mlikuwa na sorbitoli, wakili yeyote wa serikali angesema mbwa walikula bigijii za Mniko, na hakuna mtu Getuma ambaye angengoja kuelezwa kwamba hazikuwaua. Kama ni zailitoli, bigijii hazikuhusika kabisa.

"Si umesema moja inaliwa upesi," alisema. "Na hizi zimegeuka upesi."

"Sorbitoli nyingi inaweza kufanana na zailitoli kidogo. Sijui mle ndani mna kiasi gani."

"Kwa hiyo haiwezekani kujua."

Boke alivuta kiti.

"Chukua mtu mwenye njaa, afande. Mpe ugali na mlenda. Atakula upesi, lakini kuna kasi ambayo hawezi kuizidi, hata umwekee mlima. Mpe samaki furu wenye miiba. Huyo naye ana kasi yake ya mwisho, ndogo zaidi, hata umwagie karai zima. Mimi sioni anachokula, naona mdomo tu. Lakini nikimwongezea chakula mpaka mdomo ushindwe kwenda kasi zaidi, nitajua kama ni ugali au ni furu."

Ndivyo alivyofanya. Alianza na sorbitoli safi, akaiongeza kidogo kidogo, na mashine ndogo ya kupima rangi ikachora mstari uliopanda, ukalala. Akafanya vile vile kwa zailitoli safi, na mstari wake ukapanda juu zaidi, mbali kabisa na wa kwanza, kabla ya kulala. Halafu akayachukua maji ya tumbo la mbwa wa kwanza, akayaongeza maradufu, tena maradufu. Mstari ulifika pale sorbitoli ilipolalia, ukapita. Ukaendelea kupanda. Ulipolala hatimaye, ulilala sambamba na zailitoli.

Mbwa wa pili alikuwa hivyo hivyo. Wa tatu pia. Ili kuhakikisha kwamba tumbo lenyewe haliongopi, Boke alitia zailitoli safi kwenye maji ya yule koko wa barabarani, na mstari ukalala mahali palepale.

"Sasa nasema," alisema, akivua glavu. "Bigijii hazimo. Ni zailitoli, tena nyingi."

Akaeleza inavyoua. Binadamu akiila haimdhuru. Mwili wa mbwa hudanganyika, hudhani ni sukari ya kweli, na kongosho linamwaga insulini mpaka sukari ya damu inakwisha. Mbwa anakufa kwa kukosa sukari huku tumbo lake limejaa utamu.

Rahima aliandika kwa ufupi. Alipoinua macho alimkuta Boke anamtazama.

"Ukiniuliza nani ana zailitoli hapa wilayani," alisema Boke, "wa kwanza ni mimi."

Alifungua kabati akatoa kopo la plastiki, limefunguliwa, limetumika. Alisema hana namna ya kuthibitisha alichotumia na asichotumia, na kwamba mwenzake mmoja chuoni alishawahi kumwonya asiliache bila kufuli. Siku ya wizi alikuwa Nyamwaga kwa mama yake, akikata mashina mengine ya migomba. Rahima alitoka nje, akapiga simu kwa mtendaji wa kata, akampata kondakta wa basi dogo lililomleta Boke asubuhi iliyofuata wizi, akaridhika. Aliporudi ndani alimwambia hivyo waziwazi. Boke alikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. Kazi yake ya miaka yote ingefungwa kwa neno moja la polisi, na alikuwa amelijua hilo tangu kasha lilipofunguliwa.

"Nje ya maabara," Rahima aliuliza, "nani mwingine hununua kitu hiki?"

"Mgonjwa wa kisukari. Huuzwa kama sukari ya kawaida, nyeupe, ya chengachenga. Huku sijaiona dukani. Labda mtu aivushe kutoka Kenya."

Barabarani kuelekea Machochwe, Rahima aliyapanga mambo kichwani. Sospeter alikuta vipande vya unga uliokaangwa matumboni. Hakuna aliyevijali, maana Getuma kila kibanda kinauza maandazi. Mbwa hawakupokea chakula kwa mgeni. Basi walikipokea kwa mwenyeji, na Mniko hakuwa mwenyeji pekee. Na Rahima alimjua mgonjwa mmoja wa kisukari, kwa kuwa kila mtu aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki Mugumu alimjua. Alikuwa mwenye mbwa mwenyewe.

Mama Mokami alimpokea ukumbini, katika nyumba ya matofali iliyotazamana na zizi la ng'ombe. Alikuwa mjane aliyeanza kuzeeka, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe wa mbali. Rahima alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaagiza chai. Kwa muda mrefu alizungumzia mbwa tu. Aliwataja kwa majina, akaeleza jinsi alivyowalea wakiwa vipofu, mama yao alipouawa na fisi. Mawe hakuyauliza.

Chai ilipoletwa, alimsogezea Rahima bakuli la sukari, yeye akanywa bila kitu. Rahima alimuuliza kama daktari amemkataza hata ile sukari ya wagonjwa. Mama Mokami alisema hapana, ila imekwisha. Ryoba, mwanawe, ndiye humletea kutoka Sirari, mpakani na Kenya, kopo zima, nalo hukaa muda mrefu. Safari hii liliisha ghafla. Ryoba alisema lilinyeshewa mvua likagandamana, akalitupa.

"Maandazi huyatia sukari hiyo?" aliuliza Rahima.

"Ya kwangu, ndiyo. Watoto wanasema hayana ladha."

"Na mbwa, mama. Kuna mbwa aliyewahi kufa hapa nyumbani kwa namna hii?"

Mama Mokami alikumbuka, tena bila shida. Msimu wa mvua zilizopita, mtoto mmoja wa mbwa aliiba maandazi kwenye beseni. Alianza kuyumba, wakamcheka, wakadhani amelamba pombe. Akafa mchana huohuo. Ryoba ndiye aliyemzika.

"Akanitania," alisema Mama Mokami. "Akasema, mama, sukari yako imemshinda mb..."

Hakumaliza. Aliweka kikombe chini taratibu, akakishika kwa mikono yote miwili kana kwamba kingeondoka.

Nje, mtu alikuwa anafungulia ndama.

"Jioni ile kabla ya wizi," Rahima aliuliza, "nani alipeleka maandazi duarani?"

"Nilikaanga mimi," alisema Mama Mokami. "Aliniomba. Alisema mlinzi anakesha na njaa." Kisha akaongeza, "Mwite. Nataka aulizwe hapa."

Ryoba aliingia akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mwenye sura ya baba yake, ambaye picha yake ilining'inizwa ukutani. Aliamkia vizuri, akakaa, akauliza kama Mniko amekwisha kukiri.

"Unadhani mbwa walikula nini?" Rahima alimuuliza.

"Bigijii za Mniko. Kila mtu anajua."

"Tumepima. Bigijii hazimo."

"Basi alitumia kitu kingine."

"Kilikuwa ndani ya maandazi."

Ryoba alimtazama mama yake, kisha akamrudia Rahima. "Afande, sisi hapa tunayatia sukari ya dawa siku zote. Mbona hatujafa?"

"Mimi sijataja sukari ya dawa," alisema Rahima.

Ryoba alianza kusema kwamba mama ndiye aliyeitaja, kwamba alisikia wakiongea akiwa zizini, lakini maneno yalimwishia njiani, kwa sababu Mama Mokami alikuwa anatikisa kichwa.

"Mura, mwanangu," alisema mama yake. "Mawe yako wapi?"

Ryoba hakumtazama Rahima, alimjibu mama yake. Yapo chini ya rundo la samadi, upande wa nyuma wa zizi. Hakutaka kuyauza. Alitaka Mniko aondoke. Duara lilikuwa la baba yake, alisema, naye mwenyewe alikuwa analinda ndama huku mtu baki akishika funguo na kuwaamuru wachimbaji. Aliyaviringisha maandazi kwenye sukari, akawapa mbwa, akakaa nao mpaka wakalegea. Alikuwa amewalea pia.

"Ulijua wanataka kumchomea nyumba?" Rahima aliuliza.

Ryoba aliinamia sakafu. "Nilisikia."

"Lini?"

"Juzi."

"Na ukakaa kimya."

Konstebo wawili waliofika na gari la kituo walifukua samadi na kuvikuta viroba, vyote, na kamba zake. Rahima alimwambia Ryoba yuko chini ya ulinzi. Alimweleza mama yake kwamba wizi ni kosa hata ndani ya nyumba ya mama, lakini kesi itahitaji ushahidi wake, na ni haki yake kufikiri kwanza. Mama Mokami alisema amekwisha kufikiri. Akaingia ndani, akatoka amejitanda kanga nyingine, akapanda mbele kwenye gari la Rahima bila kukaribishwa.

Kituoni Mugumu, Mniko alitolewa mahabusu akiwa na viatu mkononi. Rahima alimweleza kilichopatikana na namna kilivyopatikana, akamrudishia mkanda wake. Mniko alisikiliza yote, akauliza swali moja tu, kama nyumba bado imesimama. Njia nzima ya kurudi alikaa kiti cha nyuma, nyuma ya mwanamke aliyemwajiri.

Vijana walikuwapo kweli. Walikuwa wamekaa kwenye magogo mbele ya nyumba ya Mniko, wengi wao wageni wa machimboni, na dumu la petroli lilikuwa limewekwa kivulini. Walipomwona Mniko ndani ya gari waliinuka. Rahima alishika kitasa cha mlango, lakini Mama Mokami alikuwa ameshashuka.

Alisema kwa Kikurya kwanza. Kisha akarudia kwa Kiswahili, polepole, ili wa kutoka mbali nao wasikie. Mbwa ni wangu. Mawe ni yangu. Aliyewaua na aliyeyaiba ni mwanangu Ryoba, kwa maandazi niliyokaanga kwa mikono yangu. Huyu mnayemngojea hana kosa.

Mmoja akauliza nani amesema. Mama Mokami akajibu kwamba limepimwa, na kwamba mwenye kulisema alikuwa ni yeye, mama mzazi. Vijana wakabaki wamesimama kidogo, kama watu waliosahau walichokuja kufanya, kisha mmoja akaliokota dumu, wakaanza kutawanyika kuelekea Getuma.

Mama Mokami alimgeukia Mniko. Alimwomba arudi duarani.

"Mama, nitakuja kukusalimu," alisema Mniko. "Duarani sirudi."

Mama Mokami aliitikia kwa kichwa. Hakumsihi.

Mlangoni, mke wa Mniko alikuwa amesimama na godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba, sufuria zikiwa zimepangwa juu ya beseni, tayari kwa safari ya kukimbia. Alimtazama mumewe, akalitazama gari, akawatazama watu wanaopotea njiani. Halafu akainama, akaifungua kamba ya godoro, akaanza kulivuta kulirudisha ndani.